Doti za Seurat na Doti za Tingatinga: Maneno ya Sanaa kwa Wanaoanza

Ndugu zangu, karibuni. Naona wengine mmeshaandika juu ya ukurasa "Mikondo ya Sanaa" na kupiga mstari chini yake, mnasubiri orodha. Majina mtayapata, ila hayatakuja kwa mpangilio mnaoutegemea.

Anayeanza kujifunza sanaa huwa anapewa majina kwanza: impreshonizimu, kubizimu, surrealizimu. Anayakariri kama mtoto anavyokariri miji mikuu, na baada ya wiki yamemtoka, kwa sababu hayakuwa na kitu cha kuyashikilia. Sisi leo tutauliza swali ambalo fundi humuuliza fundi mwenzake: hiki umekitengeneza kwa kitu gani, na kwa zana gani? Ndiyo maana mezani hapa kuna yai, kipande cha hadibodi, kopo la enameli, ile rangi ya duka la vifaa vya ujenzi, kijiti cha mpingo na kipande cha lubugo, nguo ya ganda la mti.

Tushike yai kwanza. Rangi yoyote ya kuchorea ina sehemu mbili. Kuna unga, ambao unaweza kuwa udongo mwekundu, masizi, jiwe lililosagwa au kemikali ya kiwandani. Halafu kuna kishikizi, kinachoushika unga huo na kuugandisha ukutani, kwenye ubao au kwenye kitambaa. Unga ukiwa ni ule ule, kishikizi ndicho kinachobadilisha jina. Udongo mwekundu ukiukoroga na kiini cha yai, hiyo ni tempera. Ukiukoroga na gundi ya mgunga ni rangi ya maji. Kwa mafuta ya kitani ni rangi ya mafuta, na kwa plastiki iliyochanganywa na maji ni akriliki.

Tempera inatengenezwa hivi. Tenga kiini na ute. Kiviringishe kiini juu ya karatasi laini mpaka kikauke nje, kishike kwa ngozi yake, kitoboe, kile cha njano kimwagike kikombeni, ngozi uitupe. Ongeza kijiko kimoja cha chai cha maji. Unga nao uwe umeshalowanishwa kwa maji ukawa kama uji mzito, kisha changanya sawa kwa sawa. Ukizidisha yai, rangi itang'aa kama plastiki na baadaye itachubuka. Ukilipunguza, pitisha kidole kesho yake na unga utabaki kidoleni.

Tempera inakauka kwa dakika chache tu, na hapo ndipo sanaa inapoingia. Huwezi kulainisha kivuli cha shavu kwa kusugua rangi mbili mbichi pamoja, kwa sababu ya kwanza imeshakauka. Itabidi uweke mistari myembamba kama nywele, mmoja kando ya mwingine, mamia kwa mamia. Zisogeleeni picha za kanisani za Italia za karne ya 14, hata kwenye kitabu kizuri cha picha, mtaiona hiyo mistari. Mchoraji alikuwa anafuata masharti ya yai.

Rangi ya mafuta ina masharti mengine. Haikauki kwa kupotewa na maji. Inavuta oksijeni kutoka hewani na kugeuka ngozi ngumu, kazi ya siku kadhaa, na tabaka nene huchukua miezi. Kwa hiyo mchoraji ana muda wa kuyeyusha kivuli kwenye mwanga bila mpaka kuonekana. Kanuni yake kuu ni kwamba tabaka la chini liwe na mafuta machache na la juu liwe na mengi. Ukigeuza, la juu litakauka kwanza wakati la chini bado linacheza, na picha itapasuka kama tope la kiangazi. Wanaoanza wengi wakiona nyufa hulaumu kitambaa, kumbe kosa liko kwenye mpangilio wa tabaka.

Freski naipitia haraka, kwani watu wa pwani chokaa wanaijua. Unapaka plasta mbichi ya chokaa ukutani, na juu yake unachora kwa unga uliokorogwa na maji matupu. Kishikizi ni ukuta wenyewe: chokaa inapovuta hewa ya ukaa inarudi kuwa jiwe, na unga unabaki umenaswa ndani. Kwa hiyo unapaka plasta ya kazi ya siku moja tu. Waitalia huliita eneo hilo giornata, yaani kazi ya kutwa, na ukitazama kwa taa ya pembeni kuta alizochora Giotto, mchoraji wa Italia, huko Padua mwanzoni mwa karne ya 14, unaweza kuhesabu siku zake. Chochote kilichoongezwa baada ya plasta kukauka ndicho huanza kubambuka.

Sasa tuvuke karne kadhaa. Mwaka 1841 mchoraji Mmarekani aliyeitwa John Goffe Rand alisajili hataza ya kitu kidogo sana: mrija laini wa bati wenye kifuniko, kama wa dawa ya meno. Kabla ya hapo rangi ya mafuta iliwekwa kwenye kibofu cha nguruwe kilichofungwa kwa uzi. Ukikitoboa kutoa kidogo, iliyobaki haikai sana. Mrija ulimwezesha mchoraji kubeba rangi zake zote mfukoni, aende mtoni, achore mwanga kabla haujabadilika. Mwanga wa saa tatu asubuhi haukai mpaka saa sita, hivyo alilazimika kupiga brashi haraka, mapigo mafupi, rangi safi bila kuzikorogakoroga.

Mwezi wa Aprili 1874 wachoraji wapatao 30 walipanga maonyesho yao wenyewe Paris, katika iliyokuwa studio ya mpiga picha Nadar. Kati ya picha zilizokuwemo ni moja ya Claude Monet ya bandari ya Le Havre alfajiri, aliyoiita, kwa Kiswahili chetu, Taswira, Macheo. Mwandishi wa gazeti, Louis Leroy, alilidaka neno hilo, "impression", akawakejeli: hawa ni watu wa taswira tu, picha hazijamalizika. Kejeli ikageuka jina, na mpaka leo tunasema impreshonizimu. Ukikutana na jina la mkondo, uliza lilitoka kinywani mwa nani. Mengi yametoka kwa waliokuwa wanacheka.

Mchoraji Mfaransa Georges Seurat aliutazama uhuru huo wa brashi, akataka kuutilia hesabu. Alikuwa amesoma maandishi ya mkemia Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Wafumaji walilalamika kwamba uzi mweusi ni hafifu. Chevreul akaupima akaukuta hauna kasoro, kilichouharibu ni rangi ya jirani yake. Rangi moja hubadilika machoni kwa sababu ya iliyo kando yake. Mwenye duka la kanga hahitaji somo hili, akitandaza doti mbili pamoja anajua ipi itaiua nyingine.

Basi Seurat akaacha kukoroga. Akaweka nukta ya bluu kando ya nukta ya chungwa, ili jicho la mtazamaji ndilo likoroge akiwa mbali. Mbinu hii huitwa pointilizimu. Picha yake kubwa ya watu wakipumzika Jumapili kwenye kisiwa cha Grande Jatte, yenye upana wa takriban mita 3, ilimchukua kuanzia 1884 hadi 1886, na sasa iko Chicago. Humo kuna kosa lenye faida kwa mwanafunzi: alitumia njano ya zinki, rangi mpya ya wakati ule, nayo ikageuka kahawia miaka michache tu baadaye. Nukta zilizotakiwa ziwe mwanga wa jua kwenye nyasi leo ni madoa ya kahawia. Nadharia yake ilikuwa sawa, ila unga ulimsaliti. Ukinunua rangi, soma kwenye mrija ustahimilivu wake wa mwanga. Watengenezaji wengi huweka alama au nyota, na mrija usio na alama yoyote usiutumie kwa kazi unayotaka idumu.

Sasa shikeni hadibodi, tuzungumze nukta nyingine.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, akahamia Dar es Salaam, na mwaka 1968 hivi akaanza kuchora. Alifariki 1972, alipopigwa risasi na polisi kwa makosa. Kwa miaka minne tu jina lake limekuwa jina la mkondo mzima, na kwa vijana wasiojua nieleze kwamba halihusiani na lile tingatinga la kulimia.

Hakuwa na mrija wala turubai. Alikuwa na hadibodi na rangi ya enameli, ile ya kupakia baiskeli. Na vifaa hivyo vinaeleza karibu kila kitu mnachokiona. Chukueni umbo: kazi nyingi za mwanzo ni za mraba, kama sentimita 60 kwa 60. Bodi ya dukani ni futi 4 kwa 8. Ikate futi 2 kwa 2, unapata vipande 8 bila kubakiza hata kipande cha kutupa. Chukueni mng'ao: enameli hung'aa yenyewe. Chukueni mstari wa ukingo ulio wazi, mnyama mmoja mkubwa katikati, mandhari isiyo na umbali: enameli ni nzito, inafunika kabisa kilicho chini yake, na si rahisi kuiyeyusha polepole kuwa kivuli. Inataka eneo bapa la rangi moja, nayo inalijaza vizuri kuliko rangi nyingine yoyote.

Fundi wa leo kwa kawaida anafanya hivi, ingawa kila kibanda kina mkono wake. Kitambaa cha pamba kinavutwa juu ya fremu ya mbao na kupigwa misumari midogo kuanzia katikati ya kila upande kwenda pembeni. Ukianzia pembeni kitafanya mawimbi. Kinapakwa rangi nyeupe ya msingi, kikikauka kinapitishwa msasa laini. Halafu inakuja mandhari ya nyuma, mara nyingi rangi mbili zinazoingiana, tuseme njano juu na nyekundu chini. Hapa lazima uende haraka, kwa sababu zinaunganishwa zikiwa mbichi zote mbili kwa brashi pana. Ukichelewa, brashi itaacha michirizi na hakuna namna ya kuirekebisha ila kusubiri ikauke, kusugua na kuanza tena. Acha mpaka kesho. Kesho chora mnyama kwa chaki, jaza mwili, subiri tena, kisha mistari ya manyoya na majani, na mwisho kabisa doti.

Doti hizo zinafanana na za Seurat kwa jina tu. Za Seurat zinataka kupotea, ukirudi nyuma hatua tano hazionekani tena. Za Tingatinga zinataka kuonekana. Zinakaa juu ya rangi iliyokauka kama shanga juu ya ngozi, hazichanganyiki na chochote, na ukiwa mbali bado unaziona mgongoni mwa chui. Atakayewaeleza kwamba Tingatinga ni pointilizimu ya Kiafrika, mwulizeni kama ameshasimama hatua tano mbali.

Kasoro za enameli ni za kujirudia. Tabaka nene hukauka juu na kubaki bichi chini, na kesho yake uso umekunjamana kama ngozi ya maziwa. Paka nyembamba mara mbili. Vumbi hunata, kwa hiyo laza picha mahali pasipopita watu wala upepo. Fungua madirisha unapopaka, ile harufu ni kiyeyusho na inaumiza kichwa. Na usiiviringishe picha mapema. Wauzaji wengi huiviringisha rangi ikiwa ndani, kwa kudhani wanailinda, kumbe tabaka linabanwa na kukunjika. Iviringishe rangi ikiwa nje, juu ya bomba nene, weka karatasi isiyonata katikati, na mnunuzi aifungue mapema akifika. Enameli inazidi kuwa ngumu na kavu kadiri miaka inavyopita, na picha iliyokaa miaka 10 ndani ya bomba itapasuka siku ya kufunguliwa.

Kuna neno ambalo vitabu hulipachika kwenye kazi hizi: naivu, yaani kazi ya mtu asiyepitia shule ya sanaa. Kama maelezo ya elimu ya mchoraji, sina ugomvi nalo. Kama hukumu ya kazi, mimi silitumii. Anayejua muda hasa wa kuunganisha rangi mbili mbichi za enameli anayo shule yake. Halafu shule za darasani nazo zilikuwepo hapa jirani: Margaret Trowell alianzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, na humo walipita Sam Ntiro na Elimo Njau wa Tanzania na mchongaji Gregory Maloba wa Kenya. Hao wamo kwenye historia moja na Tingatinga.

Kubizimu kwa ufupi. Mwaka 1907 mchoraji Mhispania Pablo Picasso alitembelea jumba la makumbusho la Trocadéro, Paris, akakuta vinyago kutoka Afrika. Mchongaji wa kinyago hakulazimika kuiga pua. Aliweza kuweka pembetatu mahali pa pua na kila mtu akajua ni pua. Picasso na mchoraji mwenzake Georges Braque walilichukua somo hilo, wakalichanganya na waliyojifunza kwa mchoraji Mfaransa Paul Cézanne, wakaanza kuchora chupa moja ikiwa imeonwa kutoka juu, mbele na ubavuni kwa pamoja. Mwaka 1912 wakaenda mbali zaidi, wakabandika vitu vyenyewe kwenye picha: karatasi, gazeti, kitambaa cha meza kilichopakwa mafuta. Hiyo ndiyo kolaji. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi 1972, amejenga sehemu kubwa ya kazi zake kwa mbinu hiyo, akikata miili ya wanawake kutoka kwenye majarida na kuiunda upya kwa wino na rangi.

Ila vinyago vya Trocadéro havikuchongwa ili vitundikwe ukutani. Wamakonde wana kinyago cha kichwa kiitwacho lipiko, wingi mapiko, kinachovaliwa ngomani. Kinachongwa kwa mti mwepesi, kwa sababu mchezaji atakivaa huku anaruka. Mpingo ungemvunja shingo. Kwa hiyo ukioneshwa "lipiko la kale" la mpingo mzito, umeshapata jibu.

Shikeni kile kijiti, muone uzito. Mpingo mkavu unazama majini. Nje una tabaka la rangi ya maziwa yaliyochacha, ndani ndiyo kiini cheusi. Wachongaji wa Kimakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kutafuta kazi, wengi kwenye mkonge, ndio walioufanya mti huu kuwa maarufu katikati ya karne ya 20, wakichonga kwa ajili ya soko. Mitindo yao ina majina ya Kiswahili, hivyo hamna kisingizio cha kutoyajua. Binadamu ni umbo la mtu la kawaida: mama na ndoo, mzee na mkongojo. Ujamaa, unaohusishwa na mchongaji Roberto Yakobo Sangwani, ni nguzo ya watu waliopandana, mmoja akimbeba mwenzake, wote kutoka gogo moja. Shetani ni viumbe vya jicho moja, mdomo uliopinda, tumbo lenye tundu, na anayetajwa kuuanzisha ni Samaki Likankoa. Mawingu ni maumbo yanayopindapinda, karibu kuacha umbo la mtu kabisa, na hapo ndipo neno udhahania linapopata maana bila kwenda Ulaya.

Tazameni tena vifaa. Gogo ni mviringo mrefu, na mtindo wa ujamaa unalitumia lote kutoka chini hadi juu. Tawi lililopinda, lenye tundu katikati, halifai kwa binadamu aliyesimama wima, ila kwa shetani linafaa sana. Kazi inaanza kwa tezo kutoa umbo kubwa, inafuata patasi, halafu tupa, na mwisho msasa kutoka mkali hadi laini. Mng'ao mzuri unatokana na msasa, rangi haihitajiki. Shida kubwa ni nyufa: gogo bichi likiachwa juani, ncha zake hukauka kabla ya katikati na kupasuka. Ncha hupakwa nta, gogo likawekwa kivulini, likaachwa likauke taratibu. Sanamu inayohamia nyumba yenye kiyoyozi au nchi ya baridi yenye vipasha joto inaweza kupasuka hata baada ya miaka.

Mpingo wa uongo ni mti mwepesi uliopakwa dawa ya viatu. Upime kwa uzito kwanza. Kisha geuza kitako, sehemu ambayo mpakaji huwa mvivu, ukisugue kwa kitambaa chenye tone la tapentaini. Kitambaa kikiwa cheusi, na chini ukaona mti mweupe, umejua unanunua nini.

Shetani hakubaki kwenye mti. George Lilanga, Mmakonde aliyeishi 1934 hadi 2005, alifanya kazi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, akawahamisha viumbe hao kwenye rangi kali na mistari minene, wanakula, wanapanda daladala, wanacheka. Hapo muone jinsi mitindo inavyokutana: viumbe wa mchongaji ndani ya rangi bapa za dukani.

Kimebaki lubugo. Ni ganda la ndani la mti mutuba wa Buganda, linalobanduliwa, kuchemshwa na kupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka linatanuka kuwa nguo. Lina matundu na mishono pale lilipozibwa. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi 1984, anachora kwa rangi ya mafuta juu yake badala ya turubai, na tundu linapoangukia katikati ya uso wa mtu, analiacha. Ukiona picha yake kwenye simu hutaliona hilo. Picha ya simu inafuta kifaa, na kifaa ndicho tumekizungumza tangu tuanze.

Kabla ya kuanza mazoezi, somo la kibandiko cha ukutani. Mstari wa kwanza ni jina la msanii, unafuata mwaka, halafu vifaa: "enameli juu ya hadibodi", "mafuta juu ya lubugo". Vipimo huanza na urefu wa kwenda juu, kisha upana, kwa hiyo sm 60 x 90 ni picha iliyolala. Neno "takriban" kabla ya mwaka linamaanisha tarehe imekadiriwa. Kwenye chapa utaona sehemu kama 7/25 kwa penseli chini: nakala ya 7 kati ya 25 zilizopigwa kutoka ubao mmoja.

Sasa funikeni majina kwenye vibandiko hivi kwa karatasi nyeupe, muache mstari wa vifaa tu. Kila meza ina picha nne. Nitapita baada ya dakika 20, mniambie kila moja ilikauka kwa muda gani.